Mlinzi wa Kamba Moja

"Niguse uone!"

Tuliachana juma lililopita kwenye maneno hayo, msomaji wangu, na aliyeyasema hajayameza. Bado amesimama nyuma ya pazia la chumba cha ukaguzi, mikono kiunoni, mwanamke mnene wa sauti nzito anayeogopwa na kila cherehani ya kiwanda kile cha nguo. Kiwandani wanamwita Nyapara. Kwa mlinzi aliyesimama mbele yake na sare inayompwaya, yeye ni mama mkwe.

Mlinzi huyo hana jina kazini. Wanamwita Mpya, na ni siku yake ya kwanza.

Amri aliyopewa asubuhi ni nyepesi kuitamka. Kila mwanamke anayetoka akaguliwe, hata manyapara. "Hata kama ni mama yako mzazi!" alifoka Koplo, mkuu wa walinzi. Juu ya mama mkwe hakusema neno.

Asipomkagua, Koplo yuko nje anangoja tu kumwona anamwaga unga. Akimgusa, jioni hii hii ukoo mzima utaambiwa amemvua nguo mama wa marehemu mumewe.

Na kazi ikiota mbawa, mtoto naye ameota mbawa. Kikao cha ukoo kilishakata shauri kwa mdomo wa baba mkubwa: binti mdogo wa Mpya, Kinda, akae kwa bibi yake Nyapara, asihamishwe hata mtaa wa pili. Mama akimaliza mwezi wa majaribio kazini, amchukue mtoto wake aende zake. Asipoumaliza, asahau.

Nje, lori la kiwanda lilipiga honi. Lilikuwa limeshapakiwa marobota na kufunikwa turubai, linangoja wanawake waishe ndipo lipite getini.

"Mkono huo huo ulionipakulia chakula," Nyapara alisema kwa sauti ya chini, "ndio leo unataka kunipapasa mapajani? Huna hata haya?"

"Mama, ni kazi."

"Kazi! Mwanangu umeshamzika, sasa umekuja kunizika na mimi ningali hai."

"Mwanao aliugua, mama. Na aliyemuuguza ni mimi."

"Ukamuuguza mpaka akafa. Hongera."

Ee Mungu, Mpya alisema moyoni, ushike ulimi wangu. Ulimi ukashikwa. Macho hayakushikwa, kwa kuwa macho ya mwanamke huyu yalikuwa lindoni miaka mingi kabla yeye hajapewa sare.

Macho hayo yakaona jambo.

Ukutani mwa chumba kile kuna msumari, na kwenye msumari Mpya alikuwa ametundika koti lake la mvua. Wanawake wote waliokaguliwa walisimama katikati, mbiombio, watoke wawahi kwao. Nyapara peke yake alikuwa anasogea ukutani. Anasogea huku anatukana. Kisigino, tusi, kisigino, tusi.

Ana nini na koti langu?

"Haya, kagua basi," ghafla Nyapara akalainika kama siagi juani. "Ila geuka kwanza nijitengeneze. Na mimi nina haya zangu."

Geuka! Neno hilo mwalimu wa mafunzo aliwapigia kelele mpaka wakaliota usingizini. Mlinzi hageuki. Na akiingiwa na shaka hakagui peke yake, anaita shahidi.

Mpya alitoa kichwa nje ya pazia. "Anayefuata kwenye foleni, ingia!"

Jamani, aliyefuata alikuwa Redio!

Huyu ni fundi wa vifungo. Habari ikimwingia sikioni asubuhi, kabla ya mchana imeshafika stoo, jikoni, na kwa meneja. Kama kuna mtu Nyapara asingependa amwone hata akijikuna, ni yeye.

"Nimeitwa mimi?" Redio aliingia meno yote nje. "Shikamoo, Mama Nyapara. Kumbe na nyie siku hizi mnapitishwa humu?"

"Toka!"

"Hatoki, mama, ni shahidi," alisema Mpya. "Na mimi sikugusi. Heshima yako iko palepale. Utajikagua mwenyewe, mimi nitakuambia wapi, Redio ataangalia."

Nyapara alikuja na mawili. Alijiandaa kuguswa, apige mayowe. Alijiandaa kuachwa apite, acheke. Hili la katikati hakulitafutia jibu.

"Kung'uta mikono ya blauzi, mama. Ahsante. Geuza mifuko. Ahsante. Sasa kilemba."

Mkono wa Nyapara ulikataa kupanda kichwani.

"Kilemba kina nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua, mama."

"Nywele zangu si za kuanikwa mbele ya kila mpita njia!"

"Aa, humu tuko wanawake watupu, Mama Nyapara," Redio alidakia. "Na hizo mvi tunazijua, kila siku zinatuchungulia."

Hasira ni kitu kibaya, msomaji wangu. Nyapara alikishika kilemba akaking'oa kwa nguvu amtupie Redio usoni.

Kitu kikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Ngling'!

Ufunguo.

Ulikuwa mrefu, wa chuma, ule wa geti la nyuma. Asubuhi Koplo aliwaonyesha kisanduku cha funguo, akasema huo ukipotea atapotea na mtu. Sasa ulilala sakafuni, umefungiwa kamba ya kiatu. Kamba nyeusi yenye mistari ya njano.

Mpya aliutazama ule ufunguo. Akaitazama kamba. Halafu akatazama buti lake la kushoto.

Buti la kulia lilifungwa kwa kamba nyeusi yenye mistari ya njano. La kushoto lilifungwa kwa uzi wa kushonea.

Alipoinama kuuokota, uzi ukakatika, buti likaachama kama mdomo wa mlevi.

Nyapara naye aliinama, mdomo sikioni kwa mkwewe. "Tia mfukoni mwako, kimya kimya," alinong'ona. "Ukitoka nao nje, Kinda humwoni tena mpaka unaingia kaburini."

Mpya alimwona Kinda kama yuko mbele yake. Kile kifua chembamba, na kile kikohozi kikavu ambacho hakikupata dawa, kinachokuja mara mbili kisha kinanyamaza, koho-koho, kama mtu anayebisha hodi.

Vidole vyake vilianza kwenda mfukoni. Kweli vilianza, sitamsingizia ushujaa.

Vikasimama. Mfukoni mwangu? Si ndiko ulikotakiwa uende tangu mwanzo? Kama si mfukoni, kwenye koti!

"Kuna nini humo?" Sauti ya Koplo ilikuwa imeganda kwenye pazia. "Mbona mmekawia?"

Kampuni ile ina utaratibu wake. Kinachopatikana kwa mkaguliwa kinapandishwa juu palepale, mbele ya foleni nzima, ili mlinzi na mkaguliwa wasije wakapatana pembeni. Mpya alifungua pazia, akatoka anaburuta buti, akanyoosha mkono juu kabisa.

Foleni ikaguna.

Koplo alikuwa tayari. Huyu bwana anasema alikuwa jeshini, ingawa hakuna aliyemwona huko. Alichowahi kuonekana akikipigania kwa nguvu zote ni nafasi hii ya mlinzi wa kike, ambayo alishamwahidi mpwa wake.

"Ufunguo wa geti la nyuma!" alipiga kelele. "Umefungwa kwa nini? Kamba ya buti! Tazameni miguuni kwake!"

Watu wote wakatazama miguuni kwake.

"Mwizi mwenyewe ndiye aliyevaa sare!" Koplo aliendelea. "Huyu na huyu ni mtu na mkwewe, mlikuwa mnajua? Mmoja anaiba ufunguo, mwingine anautoa kilembani, kesho stoo nyeupe!"

Mpya alimgeukia mama mkwe wake. Kwa hakika alidhani mwanamke yule, kwa kuwa na yeye ametajwa, atakana. Loo!

"Ni kweli," Nyapara alilia, machozi yakaja kama ameyaagiza. "Alinipa wakati wa mapumziko. Akaniambia nisipomfichia atamchukua mjukuu wangu. Ningefanya nini mie, mtu mzima?"

"Mama! Unajua Mungu anakusikia?"

"Anakusikia na wewe, mwizi!"

Mpya alimtafuta mlinzi mwenzake, Mlingoti, aliyekuwa amelishikilia komeo la geti. Ni mrefu hivyo kama anavyoitwa, na anavyojua kusimama ndivyo anavyojua kunyamaza.

"Mlingoti, asubuhi kwenye gwaride ulisimama na mimi bega kwa bega. Niliposema buti limetoka stoo halina kamba, hukusikia?"

Mlingoti alitazama mawinguni. "Mimi nilikuwa naangalia upande wa pili."

"Upande wa pili kuna ukuta!"

"Basi nilikuwa naangalia ukuta."

Foleni ikacheka. Koplo hakucheka. Alinyoosha kiganja. "Vua kofia. Vua mkanda. Filimbi weka hapa. Huna kazi, na shukuru kama utalala kwako."

Honi ya lori ililia tena, ndefu, ya mtu aliyechoka kungoja. Aliyekuwa kwenye usukani ni shemeji yake Mpya, mdogo wa marehemu. Tangu mzozo uanze hakuwa ameshuka wala kuuliza kulikoni. Alikuwa anatazama mbele tu, kwenye geti.

Mpya alipeleka mkono kwenye mkanda.

"Kwaheri, Kamba Moja!" mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka nyuma ya foleni, na wenzake wakaangua kicheko.

Mkono ukasimama kwenye mkanda.

"Nani ameniita?"

"Mimi, mshona zipu. Utanifanya nini, utanikagua mara mbili?"

"Umeniita nani?"

"Kamba Moja! Si ndilo jina lako?"

"Tangu lini?"

"Khaa! Tangu asubuhi tunaingia kazini, ulipotoka stoo unaburuta hilo dubwana kama bata mgonjwa. Tulikucheka mpaka mbavu zikauma. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuonea huruma nikakutupia uzi."

"Nilikuwa nimeshaingia lindoni?"

"Lindoni wapi, hata filimbi ulikuwa hujapewa! Huyo Afande wako alikuwa bado anakutukana, eti mlinzi gani anafunga kiatu kwa uzi..."

Mshona zipu akajiziba mdomo. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemfikia.

Kicheko kilikufa kuanzia mbele ya foleni, kikafa katikati, kikafa nyuma. Wanawake wale hawakumpenda Mpya, tusidanganyane. Siku nzima walimfyonya na kumsukuma mabega. Lakini walikuwa wamemcheka wote kwa pamoja, na kicheko hicho sasa walikuwa hawawezi kukirudisha.

"Subirini kwanza," alisema Redio, kidole juu. "Kama kamba ilikuwa haipo tangu buti linatoka stoo, basi ilikuwa kwa aliyekuwa nalo stoo. Buti alitoa nani stoo?"

Macho yote yakahamia upande mmoja. Ufunguo wa stoo ya sare ulikuwa unaning'inia kiunoni kwa Koplo, unameremeta.

"Na ufunguo ulikuwa kichwani kwa Mama Nyapara," Redio aliendelea, sasa amenoga, "halafu akataka mlinzi ageuke asimwone. Nilikuwa mlangoni, nilimsikia kwa masikio yangu haya!"

Jasho lilimtoka Koplo kwenye paji la uso likaingia machoni. Akamgeukia Nyapara kwa ghadhabu. "Wewe mama, si ulisema humo utakuwa naye peke yako?"

Lo salale!

Alijisikia akiyasema. Alifumba mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshapita getini bila kukaguliwa.

"Mjinga wewe!" Nyapara alimfokea. "Mjinga wa mwisho! Kutia kitu kwenye koti ni kazi yangu, wewe hata kunyamaza kumekushinda!"

"Nani mjinga? Nani alikuja kunilamba miguu kwamba huyu mwanamke atoke getini kabla ya jioni?"

Walirukiana kwa maneno, mate yanaruka. Wanawake walivunja foleni wakaja karibu waone vizuri. Dirisha la meneja lilifunguka juu ghorofani.

Mpya peke yake hakuwa anasikiliza matusi. Alikuwa ameganda kwenye neno moja. Kabla ya jioni. Kwa nini kabla ya jioni? Kama shida ni kumfukuzisha kazi, kesho si ipo?

Honi! Safari hii fupi, mara tatu, ya woga.

Na hapo, msomaji wangu, likatokea la ajabu. Wale wawili waliokuwa wanataka kung'oana macho wakanyamaza kwa pamoja, wakatazama lori kwa pamoja.

"Mambo haya tutayamaliza ofisini," alisema Koplo, anapangusa uso. "Mlingoti, fungua, lori lipite."

"Ndiyo, lipite," aliitika Nyapara haraka. "Mzigo wa watu unachelewa."

"Lori halijakaguliwa," alisema Mpya.

"Nimesema lipite!"

"Na asubuhi ulisema kisichokaguliwa hakitoki, Afande. Hata kama ni mama yangu mzazi."

Aliutazama tena ule ufunguo mkononi mwake. Siku nzima geti la mbele alilisimamia yeye, na hakuna kilichompita. Geti la nyuma lilikuwa na kufuli na ukimya. Watu wakisikia ufunguo wa geti la nyuma umeibiwa, wote wanawaza kilichotoka. Nani anawaza kilichoingia?

Kitu gani kiliingizwa humu leo kwa nyuma, ili mimi nisikione kwa mbele?

Alikaa kwenye jiwe la pembeni mwa geti. Alifungua fundo, akaichomoa kamba kwenye ufunguo, na mbele ya umati ule, bila haraka, akaipitisha kwenye buti la kushoto, tundu kwa tundu, akakaza. Hakuna aliyemzuia. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hapo ndipo walipomwona kwa mara ya kwanza.

Alisimama. Buti halikupwaya tena.

Alikwenda mpaka kwenye dirisha la lori. "Shemeji, zima gari."

"Shemeji, hata mimi?" Alicheka, kicheko kikavu. "Hata mimi unanikagua?"

"Hata wewe. Unaelekea wapi?"

"Mbali. Nyumbani kwetu kijijini, halafu niendelee."

"Nyumbani kwenu kuna duka gani la kupelekewa marobota?"

Shemeji hakuzima gari. Mpya alizunguka mpaka nyuma, akakanyaga tairi, akashika ubao apande.

"Mwanangu."

Aliyesema ni Nyapara. Alikuwa amekuja mbio, kichwa wazi, mvi zimesimama, pumzi zinamkatika.

"Mwanangu, hilo liache. Nisikilize. Kazi baki nayo. Nitasema mimi ndiye mwizi, nitamwambia meneja mwenyewe, wanifukuze mimi. Liache tu hilo lori lipite, mwanangu."

Tangu siku ya harusi, Nyapara amemwita mkwewe yule mwanamke, kisirani, mkosi, mchawi, na mengine nisiyoweza kuyaandika mahali ambapo watoto wanasoma. Mwanangu hajawahi kumwita.

Mpya alimtazama kutoka juu.

Alishika upindo wa turubai.

Ndani, katikati ya marobota, chini sana, mtu alibisha hodi.

Koho-koho.

Kisha kimya.

"Kinda?"

"Mlingoti, fungua!" Koplo alinguruma. "Fungua, au na wewe huna kazi!"

Mlingoti aliacha kutazama mawinguni. Alimtazama Koplo. Akamtazama mwanamke aliyening'inia nyuma ya lori kwa mkono mmoja na buti moja. Halafu akaweka mikono yote miwili kwenye komeo.

Gia iliingia. Lori likatingishika, likaanza kutembea.

Na komeo likalia. La kufunguka au la kukazwa, tutajua juma lijalo, msomaji wangu.